Mchague Fundi Kabla ya Kuchagua Tufe la Bolingi

Watu wengi wanaoingia katika duka la vifaa vya bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe zito ili kuangusha pini, huanza kwa kutazama ukuta. Huko ndiko matufe yanakopangwa, yana rangi zilizochanganyika na majina ya kutisha, na kila moja lina maelezo ya kiini chake na ya jinsi linavyokata kona likikaribia pini. Mimi nimezoea kutazama upande wa pili, kule ilikowekwa mashine ya kutobolea matundu ya vidole, kwa sababu tufe la fahari lenye matundu yasiyolingana na mkono wa mwenyewe ni mzigo tu, ilhali tufe la kawaida la poliesta lililotobolewa na fundi hodari huweza kumtumikia mtu kwa miaka mingi.

Sababu yenyewe haiko mbali. Tufe zito kuliko yote yanayoruhusiwa lina pauni 16, yaani kilo 7 na robo hivi, na kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni futi 60, zaidi kidogo ya mita 18. Uzito huo huning'inia kwenye vidole vitatu huku mkono ukibembea nyuma na mbele. Matufe ya kuazima ukumbini hutobolewa ili karibu mtu yeyote aweze kuyashika, kwa hiyo tundu la dole gumba huwa pana, na kidole cha kati na cha pete huzama hadi kiungo cha pili. Kwa kuwa tundu limelegea, mchezaji hulazimika kulibana tufe lisimponyoke, na mkono unaobana hauwezi kubembea kwa uhuru wala kuliachia tufe pale pale kila mara. Sugu kwenye shina la dole gumba, ncha za vidole zilizochubuka na maumivu ya kifundo cha mkono mara nyingi huanzia kwenye kubana huko, ingawa wachezaji wengi husingizia uchovu. Ndiyo maana mtu anayehamia tufe lililopimwa kwa mkono wake mara nyingi huweza kulimudu hata likiwa zito kuliko lile alilokuwa akiazima.

Fundi mzuri hutambulikana kabla hajawasha mashine. Huanza kwa maswali: umecheza kwa muda gani, uliwahi kuvunjika kidole, una baridi yabisi, kazi yako ya kila siku huufanya mkono uvimbe au ukakamae? Kisha huuomba mkono wenyewe, na hapo ndipo ninapoanza kumchunguza kwa makini, kwa maana mkono haupimwi kwa haraka. Hulikunja na kulikunjua dole gumba ili aone linafika wapi bila kulazimishwa. Huibonyeza ngozi ya kiganja aone inavutika kiasi gani. Halafu hupima umbali kutoka tundu la dole gumba hadi tundu la kila kidole, kwanza mkono ukiwa umelegea na baadaye ukiwa umenyooshwa, akitumia tufe maalumu la vipimo. Kidole cha kati na cha pete havina urefu sawa, wala havikai mahali pamoja kiganjani, kwa hiyo fundi anayeandika kipimo kimoja kwa vyote viwili bila kuvipima huwa amekwisha kujieleza.

Umbali huo ndio uti wa mgongo wa kazi yote. Ukiwa mrefu mno, ngozi ya kiganja huvutwa hadi ikakaza, dole gumba huchelewa kutoka, na kano za mkono ndizo zinazoteseka. Ukiwa mfupi mno, kiganja hujikunja juu ya tufe, kiungo cha dole gumba hupinda ndani ya tundu, na mchezaji huanza kubana bila kujua. Nionavyo mimi, kasoro ya kwanza ni mbaya zaidi, kwani tufe lenye umbali mrefu humfanya mteja ahisi kwamba amelishika barabara akiwa bado amesimama dukani, na mateso yake huja baada ya michezo kadhaa, wakati fundi hayupo tena mbele yake. Jambo hili huwa zito zaidi kwa wale wanaoshika kwa ncha za vidole, yaani vidole kuingia hadi kiungo cha kwanza tu, mtindo ambao wachezaji wengi wa ligi huupenda kwa sababu huwapa nafasi ya kulizungusha tufe zaidi wanapoliachia.

Baada ya umbali kuna mwinamo wa matundu, jambo ambalo wachezaji wengi hawajalisikia kabisa. Tundu laweza kuelekezwa katikati kamili ya tufe, laweza kuinamia upande wa kiganja, na laweza kuelekezwa mbali na kiganja. Tena laweza kulazwa kidogo kulia au kushoto. Tundu la dole gumba linaloinamia kiganjani huelekea kulishika dole, na lile linaloelekea mbali huliachia mapema. Vipimo vyenyewe ni vidogo, lakini moja ya nane ya inchi, yaani milimita 3 hivi, yatosha kuligeuza tufe linalong'ang'ania kuwa tufe linaloponyoka. Fundi huuamua mwinamo kwa kulinganisha unyumbufu wa dole gumba na ule umbali aliokwisha kuupima, na huwa tayari kuubadilisha akiona jinsi unavyoliachia tufe. Akikuambia kwamba wateja wake wote huwapa mwinamo uleule, mshukuru na uondoke.

Upana wa matundu ni rahisi kuueleza ila si rahisi kuupatia. Biti za kutobolea hupishana kwa moja ya 64 ya inchi, ambayo haifiki hata nusu milimita, na dole gumba lenyewe halitulii: huvimba kwa joto, hunywea kwa baridi, na hubadilika hata katikati ya mchezo. Isitoshe, madole gumba mengi si ya mviringo kamili, hivyo tundu la mviringo hubana upande mmoja na kulegea upande mwingine, na fundi mwenye subira hulifanya liwe la umbo la yai. Mazoea mazuri ni kuliacha tundu likiwa pana kidogo, kisha mchezaji hubandika vipande vya utepe ndani yake na kuviongeza au kuvipunguza kadiri dole linavyobadilika. Katika matundu ya vidole vingine viwili huwekwa mirija laini ya mpira, ambayo hung'olewa na kuwekwa mipya ikichakaa. Usisahau kupitisha kidole kwenye kingo za matundu, kwa sababu ukingo ulioachwa mkali huchana ngozi hata kama vipimo vingine vyote ni sahihi.

Kuhusu mahali pa kuyaweka matundu kwa kulinganisha na kiini cha tufe, nitasema machache, kwa kuwa wauzaji wamekwisha kusema mengi mno. Kila mchezaji huliachia tufe likizunguka kwenye mhimili wake mwenyewe, na fundi huutafuta mhimili huo kwa kuangalia mistari ya mafuta inayobaki juu ya tufe baada ya kupita kwenye njia ya kuchezea, ambayo hupakwa mafuta. Kutoka hapo hupanga umbali na pembe kati ya mhimili huo na kiini. Utaratibu wa pembe mbili uliobuniwa na Mo Pinel, mbunifu wa matufe ya bolingi, hutumiwa na mafundi wengi. Ni elimu ya kweli, lakini haina faida kubwa kwa mtu ambaye tufe bado linamng'ang'ania dole gumba.

Swali moja ninalopenda kumwuliza fundi nisiyemfahamu linahusu kanuni. Tangu tarehe 1 Agosti 2020, USBC, chombo kinachosimamia bolingi nchini Marekani, hakiruhusu matundu ya kusawazisha uzito: kila tundu lililo kwenye tufe sharti litumike kulishikia. Kwa hiyo mchezaji wa mikono miwili asiyetumia dole gumba, kwa mtindo ambao Jason Belmonte wa Australia ameupatia umaarufu mkubwa, hawezi kununua tufe lililotumika lenye tundu la dole gumba na kulirusha vivyo hivyo katika mashindano yanayofuata kanuni hizo. Tundu hilo lazima lizibwe. Fundi anayelijua hilo bila kusitasita huwa anafuatilia kazi yake.

Kumpata fundi wa namna hiyo ni suala la kuuliza watu wanaofaa. Nenda ukumbini jioni ya ligi, uwatazame wachezaji wanaotoa dole gumba bila sauti na bila kusugua mkono baada ya kurusha, na uwaulize nani aliwatobolea. Usiishie kwa wale wenye alama nyingi, kwa sababu mchezaji hodari huweza kuvumilia tufe baya kuliko mimi na wewe. IBPSIA, jumuiya ya kimataifa ya maduka na wakufunzi wa bolingi, hutoa vyeti kwa mafundi, na cheti hicho ukutani ni dalili njema, japokuwa hakinizuii kuuliza maswali yangu. Fundi ninayemwendea sasa alinivutia kwa kukataa. Nilitaka anitobolee tufe siku ileile, naye akaniambia nilete kwanza lile la zamani tuingie nalo njiani. Akasimama kando akinitazama, akalipokea na kuisoma mistari ya mafuta, akanigusa dole gumba lililokuwa limepata moto, kisha ndipo akaandika vipimo. Alinionya pia kwamba siku ya kuchukua tufe haingekuwa mwisho wa kazi, na kwamba alinitarajia nirudi baada ya michezo michache ili alipunguze au alijaze tundu kidogo. Duka linalokasirika mteja anaporudi kwa marekebisho halijaelewa kwamba marekebisho ni sehemu ya kazi liliyolipwa.

Kama tayari una tufe lisilokukaa, si lazima ulitupe. Matundu ya zamani huzibwa kwa resini, huachwa yakauke na kuwa magumu, husawazishwa kwa msasa, kisha tufe hutobolewa upya, na kiraka hubaki kuonekana bila kudhuru mchezo wa kawaida. Omba pia nakala ya kadi ya vipimo vyako: umbali wa kila kidole, mwinamo wa kila tundu, upana wake na aina ya mirija iliyotumika. Ukihama au fundi wako akifunga duka, kadi hiyo itampa fundi mwingine mahali pa kuanzia, ila naye akiridhika kunakili namba zako bila kuugusa mkono wako, irudishe kadi mfukoni na uendelee kutafuta.