Siku zisizo na kundi

Ukiniletea mfumo wowote wa kugawa hali ya hewa katika makundi, sitaanza kwa kuuliza una makundi mangapi. Nitauliza: siku zisizoeleweka mnazipeleka wapi? Wengi hapo huanza kukuna kichwa.

Kwa asiyeijua kazi hii: unachukua ramani za mgandamizo wa hewa za kila siku, za miaka na miaka, unazipanga kwa jinsi zinavyofanana. Zile ambazo pepo za magharibi zinavuma moja kwa moja, zile zenye mgandamizo mdogo, zile ambazo mgandamizo mkubwa umekaa juu ya eneo zima na upepo umelala. Ukishazipanga ndipo unaweza kuuliza kundi gani huleta mafuriko, na lipi linazidi kujitokeza miaka ya karibuni.

Hubert Lamb, Mwingereza, alichapisha katalogi yake ya visiwa vya Uingereza mwaka 1972, ikianzia siku za mwaka 1861. Alitazama ramani kwa macho yake akaamua. Aina zake ni 27: pande nane za upepo, mgandamizo mdogo, mgandamizo mkubwa, machotara 16 ya hizo, na moja aliyoipa herufi U, siku isiyoainishika. Mtu aliyezoea ramani kiasi kile bado aliona kuna siku za kuachwa. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Wajerumani wana katalogi ya Ulaya ya Hess na Brezowsky, ya 1952, yenye aina 29 na moja ya mabaki. Wao wanataka hali idumu angalau siku tatu ndipo ipewe jina. Jumanne moja yenye vituko katikati ya wiki tulivu, kwa Lamb inapata jina lake. Kwa Wajerumani inamezwa na majirani zake au inatupwa kwenye mabaki. Hakuna aliyekosea hapo. Mmoja anaandika shajara, mwingine anatafuta vipindi.

Mwaka 1977 Jenkinson na Collison waliigeuza kazi ya Lamb kuwa hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi ajabu. Unahitaji mgandamizo wa usawa wa bahari kwenye nukta 16 tu. Toa wastani wa mstari wa kaskazini kwenye wastani wa mstari wa kusini, unapata nguvu ya upepo wa magharibi. Fanya vivyo hivyo kwa mashariki na magharibi, unganisha, unapata nguvu ya mkondo mzima. Namba nyingine inapima jinsi hewa inavyojizungusha. Sasa tuseme kusini ni hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 1016, kaskazini 1004, na hakuna kinachovuma kutoka kusini wala kaskazini. Mkondo ni 12. Mzunguko ukiwa 11, siku hiyo ni ya magharibi tupu. Ukiwa 13, ni chotara. Ukipita 24, upepo wa magharibi hautajwi tena, siku inahesabiwa ya mgandamizo mdogo. Na namba zote mbili zikiwa chini ya 6, ni U.

Kati ya 11 na 13 ramani mbili zinaweza kufanana hata usizitofautishe, ila kwenye jedwali ziko safu mbalimbali. Na ile 6 ilichaguliwa kwa gridi ya Uingereza, yaani mpangilio wa zile nukta 16. Ukiihamisha mbinu kwenye gridi yenye nafasi tofauti, huna budi kuifikiria upya. Nimeona watu wakiinakili ilivyo, halafu wanashangaa U imefura.

Siku hizi kazi nyingi tunaiachia kompyuta: k-means, au ramani za Kohonen, mbinu mbili za kupanga data katika makundi kwa kufanana. Unachagua idadi ya makundi, mashine inagawa. Kila siku lazima iingie mahali, hata iwe ya ajabu namna gani, na hili ndilo linalonikera. Kisha unachora wastani wa kila kundi, unapata picha safi, laini, ya hali ambayo huenda haijawahi kutokea siku yoyote. Migandamizo midogo mia kadhaa, kila mmoja na mahali pake, ikijumlishwa inatoa bonde moja pana lisilo na ukali, na mtu anaitumia kueleza dhoruba.

Watafiti wa tropiki, ambako tofauti za mgandamizo ni ndogo mno, walipata njia nzuri zaidi. Fahirisi ya Wheeler na Hendon ya 2004 inafuatilia wimbi la Madden-Julian, wimbi la mawingu na mvua linalosafiri kuelekea mashariki kwenye tropiki, katika hatua nane, kwa pepo za juu na za chini pamoja na mionzi ya joto inayotoka duniani kwenda angani. Katikati ya mchoro kuna duara. Nukta ya leo ikiangukia ndani yake, wimbi ni dhaifu na hatua haina uzito. Wameichora kabisa, kila mtu anaiona.

Mimi kwenye programu yangu nimeongeza safu moja: umbali wa kila siku hadi kundi lake, yaani ramani yake inavyotofautiana na wastani wa kundi, ukigawanywa kwa umbali hadi kundi la pili kwa ukaribu. Ikikaribia 1, siku hiyo ingeweza kwenda kokote, na naipaka kijivu. Wenzangu wanalalamika kwamba kijivu kinaharibu chati, hasa majira yanapobadilika. Wakitaka kuifuta safu hiyo waifute kwenye nakala zao.