Ramani huanza na swali

Ramani ikinivutia, kabla sijazama kwenye rangi zake huwa natafuta swali aliloanza nalo mchoraji. Mchoraji ramani Mercator, mwaka 1569, alikuwa na swali la nahodha: nielekee upande gani wa dira, nisiubadilishe mpaka nifike? Ili njia hiyo iwe mstari mnyoofu, ilibidi pembe zilindwe na ukubwa uachwe upotoke. Ndiyo maana kwenye latitudo ya nyuzi 60 urefu umevutwa mara 2 na eneo mara 4, na Greenland inaonekana kukaribiana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko hiyo mara 14 hivi. Naona analaumiwa bure. Anayetaka kulinganisha ukubwa wa nchi achukue ramani inayolinda eneo, kama Mollweide au Equal Earth ya mwaka 2018, na avumilie maumbo kupinda kidogo.

Ramani ninayoirudia kuliko zote ni ya daktari John Snow, ya kipindupindu cha mwaka 1854 mtaani Soho, London. Kila aliyefariki ana kistari kimoja cheusi, kimelazwa kwenye nyumba yake. Vistari vimerundikana kuizunguka pampu ya maji ya Broad Street, ambayo Snow aliishuku kueneza ugonjwa, na hapo ndipo wengi huishia kutazama. Mimi hushikwa na mapengo, mahali pasipo na vistari. Nyumba ya kuhifadhia maskini iliyokuwa jirani ilikuwa na watu 535, wakafa 5 tu: ilikuwa na kisima chake. Kiwanda cha bia cha mtaa huohuo kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyeugua vikali. Walikuwa wakinywa bia, na kiwanda nacho kilikuwa na kisima. Baadaye Snow aliongeza mstari unaopita mahali ambapo kwenda pampu hiyo au pampu nyingine iliyo karibu ni mwendo uleule, akihesabu njia za kupita kwa miguu. Mstari huo umejipindapinda, kwa sababu mtu mwenye ndoo hapiti katikati ya nyumba za watu.

Ramani za takwimu za siku hizi hukwama mahali pengine. Ukipaka rangi kwa idadi ya wagonjwa, utakuwa umechora tu wapi watu ni wengi. Gawanya kwanza kwa idadi ya wakazi. Lakini hata hapo angalia: kijiji cha watu 50 chenye mgonjwa 1 kinapata 20 kwa kila 1,000 na kuwaka rangi kali, huku mji wa watu 50,000 wenye wagonjwa 100 ukipata 2 na kufifia. Mgonjwa yule mmoja akihama, kijiji kinarudi sifuri. Sehemu ndogo namna hiyo afadhali ziunganishwe na jirani zake, au zijumlishwe kwa miaka kadhaa.

Ramani ya milima nayo ina ukimya wake. Kwenye skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zikitengana kwa kimo cha mita 20, vipindi 5 ndani ya milimita 4 maana yake ni kupanda mita 100 katika mwendo wa mita 200. Ukiikuza kwenye mashine ya kunakili, namba ya skeli haifai tena. Pima kwa mstari wa skeli uliochorwa kwenye ramani yenyewe, ambao umekua pamoja nayo. Na ukuta wima wa mwamba wa mita 15 unaweza kukaa katikati ya kontua mbili bila kugusa hata moja.