Kumbukumbu ya sanduku la besi: ndoana imeingia

Besi wa kwanza, samaki ninayemvua kwa chambo cha mnyoo wa plastiki, amepatikana. Kilo 1.4 kwenye mizani ya mkono, ndoana imekita katikati ya taya la juu, pale penye mfupa, mahali ambapo kwa miezi miwili nilikuwa napashindwa. Nilimrudisha majini akaondoka kwa pigo moja la mkia, na mikono ikanitetemeka hata fundo lililofuata nikalifunga mara tatu.

Nilipanga kwamba sehemu hii ya kumbukumbu ingehusu krenkibeti na spinabeti, aina mbili za chambo bandia kigumu, jinsi nilivyozichagua na vina vya maji ninavyozitumia. Nitazirudia siku nyingine. Ukweli ni kwamba zimelala sandukuni bila kuguswa, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye jambo moja: kwa nini samaki anameza mnyoo, ninakita, yaani navuta fimbo kwa ghafla ili ndoana imchome, na mnyoo unarudi peke yake.

Vifaa vyenyewe ni hivi. Fimbo moja ya futi 7 ya nguvu ya kati, rili ya spini ya saizi 2500, mshipi wa nailoni wa ratili 10, chubwi za risasi zenye umbo la tone za gramu 7, ndoana za shingo iliyopindwa saizi 1/0, na mifuko minne ya minyoo ya inchi 6. Ufungaji ni ule wa Texas: chubwi inateleza juu ya mshipi, ncha ya ndoana imefichwa ndani ya mwili wa mnyoo ili isinase magugu. Hakuna mtego rahisi kuliko huo kwa anayeanza kukusanya vifaa, na ndiyo maana kushindwa kwake kuliniuma sana.

Safari nne, nimedonolewa mara 17, samaki hakuna. Kila mara nimeiandika: kina, rangi ya mnyoo, muda niliosubiri kabla ya kukita. Mwanzoni niliulaumu muda. Nikakita mara tu niliposikia ile tuk kwenye kidole, nikakosa. Nikahesabu hadi tano huku mshipi unatembea kuelekea pembeni, nikakosa. Besi hachukui chambo kwa meno kama wengine. Hufungua mdomo kwa ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na kila kilichomo, na asichokipenda hukitema upesi vilevile. Kwa hiyo kusubiri sana hakusaidii. Lakini kuwahi nako hakukusaidia.

Kisha nikailaumu ncha. Niliiburuta juu ya ukucha wa kidole gumba. Ncha butu huteleza, ncha kali hukwama. Zote zilikwama.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu tangu safari ya kwanza na sikuiona. Kila mnyoo ulirudi umejikunja kama soksi kwenye kipinda cha ndoana, na ncha ikiwa bado imefukiwa ndani ya plastiki. Ndoana haikuwa ikiteleza mdomoni mwa samaki. Haikuwa ikitoka kwenye mnyoo kabisa!

Hapo nikaacha kwenda majini na kuanza majaribio uani. Nilichukua soli mbili za kandambili zilizochakaa, nikaubana mnyoo katikati yake kwa kamba, nikaifunga soli kwenye nguzo, nikarudi nyuma hatua 25 na fimbo. Nakita kama ninavyokita majini, kisha natembea hadi nguzoni kuangalia: ncha imetoka? Imeingia kwenye soli? Imeingia hadi kijino, kile kimwiba kinachozuia ndoana isichomoke? Mara kumi kwa kila ufungaji. Jirani aliniuliza kama niko salama.

Kwa ndoana ya 1/0 na nailoni, ncha ilitoka mara 2 kati ya 10. Nikabadilisha mshipi nikaweka wa kusukwa, ambao haunyooki kama nailoni: mara 4. Nilitarajia zaidi, maana nimesoma mara nyingi kwamba mnyumbuko wa nailoni ndio mwizi wa samaki. Ni mwizi kweli, lakini mwizi mdogo. Nikarudisha nailoni ileile na kuweka ndoana ya 4/0, iliyo kubwa kuliko 1/0 na yenye uwazi mpana: mara 8.

Basi nikachukua rula. Mnyoo wangu una unene wa milimita 11 sehemu inayokaa ndoana. Uwazi wa ile 1/0, kutoka ncha hadi shina, ni milimita 9. Unapokita, plastiki inasukumwa chini na kujirundika kwenye kipinda. Ikishaujaza uwazi, ncha haina pa kutokea. Ungeweza kuvuta kwa trekta, bado ingebaki imefungiwa ndani. Kwenye ile 4/0 uwazi ni milimita 16, na mnyoo ukijirundika inabaki nafasi ya ncha kuuma. Nilikaa chini palepale uani kwa furaha. Miezi miwili, na jibu lilikuwa milimita saba.

Halikuwa jibu lote. Katika zile mara 8, ncha ilikuwa imetoka na kuchoma soli, lakini mara 5 haikufika kijino. Ndoana nilizonunua zilikuwa za waya mnene, zinazofaa fimbo ngumu na mshipi wa kusukwa ndani ya magugu mazito. Waya mnene unahitaji nguvu kubwa kupenya, na fimbo yangu ya kati inapinda kabla ya kuitoa nguvu hiyo. Nikatafuta 4/0 ya umbo lilelile lakini waya mwembamba. Ncha ilitoka mara 9, na kijino kikapita mara 8, kwa fimbo ileile na mkono uleule. Kwa anayeanza na fimbo moja tu ya spini, huu ndio ushauri ninaoushikilia kwa nguvu zote: pima unene wa mnyoo kwanza, ndipo ununue ndoana, na uangalie unene wa waya kabla ya jina lililoandikwa kwenye pakiti.

Jambo la mwisho lilikuwa la kuficha ncha. Nilikuwa naizamisha katikati ya mnyoo. Sasa naitoboza hadi upande wa pili, kisha narudisha ncha tupu chini ya ngozi, kiasi cha kuisikia kwa kidole bila kuchomwa. Bado haikamati magugu. Jumamosi, kwenye mita 2 za maji pembeni ya matete, tuk moja, nikashusha fimbo, nikazungusha rili hadi mshipi ukakaza, nikakita. Uzito ukabaki.

Maneno machache kuhusu vifaa, maana majaribio yale yamenibadilisha mawazo. Florokaboni, aina nyingine ya mshipi, naiheshimu kwa sababu inazama haraka kuliko nailoni na haimezi maji, ila kwenye rili ya spini inanirukia kama chemchemi. Nimeiacha kwa kipande cha mbele tu, mita moja na nusu, na nyuma yake mshipi wa kusukwa ambao wenyewe huelea. Fundo ni Palomar. Ukitumia florokaboni lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza. Fundo lililokazwa kavu hupata joto la msuguano na mshipi unadhoofika papo hapo. Nimekata mafundo matano makavu kwa kuvuta kwa mkono, na matatu yalikatikia fundoni.

Chubwi za risasi ninaziondoa polepole. Uingereza ilipiga marufuku nyingi za saizi ndogo mwaka 1987 kwa sababu ya mabata maji waliokuwa wakizimeza na kufa kwa sumu, na kila ninapokata mshipi ulionasa nawaza chubwi iliyobaki chini. Tangsteni ni ghali, lakini ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 11.3 za risasi, kwa hiyo chubwi ya gramu 7 inakuwa ndogo zaidi na ngumu. Ikigonga jiwe unaisikia hadi kwenye mpini. Tope nalo linajulikana, linavuta kimyakimya. Nina mbili tu, na nazichunga.

Na tafadhali, minyoo isikae sanduku moja na krenkibeti. Kilainishi kilichomo kwenye plastiki laini kinahama. Nilifungua sanduku nikakuta minyoo minne imegandana na krenkibeti yangu ya kijani, rangi yake imetoka na tumbo limekuwa nata kama gundi. Iache kwenye mfuko wake iliyonunuliwa nao.

Na hapa ndipo mpango wa spinabeti ulipoharibika. Majaribio ya soli yameniachia minyoo iliyochanika zaidi ya 30, na sikutaka kuitupa. Nick Creme alimimina minyoo yake ya kwanza ya plastiki mwaka 1949 huko Akron, Ohio, nyumbani kwake. Nikasema nami nitajaribu. Kalibu ni ya plasta, iliyokaushwa siku nne na kupakwa varnishi, kwa sababu unyevu ukikutana na plastiki ya moto hurusha matone. Minyoo mizee inayeyuka karibu na nyuzi 170 za selsiasi. Ikipita hapo sana inaungua na moshi wake ni mbaya, kwa hiyo nafanya nje, na barakoa, glavu na miwani, na sufuria ambayo haitarudi jikoni tena.

Raundi ya kwanza imetoa minyoo sita ya rangi ya kahawia chafu, kwa kuwa nilichanganya rangi zote. Miwili ina mapovu. Lakini kwa kuwa kalibu ni yangu, nimeuchonga mnyoo na kiuno: pale ndoana inapopita ni milimita 8 badala ya 11, kichwa na mkia vikibaki vinene kama kawaida. Nimeubana kwenye soli na ile 1/0 ya zamani, ileile iliyonikosesha samaki 17. Ncha imetoka mara 6 kati ya 10. Kwa 4/0 nyembamba, mara zote kumi.

Shida ya sasa ni kwamba kiuno kinachanika baada ya kurusha mara kumi hivi. Plasta ya kalibu ya pili inakauka dirishani, na humo nimeacha milimita 9.