Wimbi la Ichinomiya

Nimezaliwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na mpaka namaliza chuo nilikuwa sijawahi kupigwa na wimbi kubwa. Kwetu mawimbi yanavunjikia mwambani, mbali kule, na yakifika ufukweni yameshachoka. Sisi watoto wa wakulima wa mwani tunayajua kwa sauti: ngurumo ile isiyokatika, unalala nayo, unaamka nayo. Majini tuliingia kila bamvua, mama akifunga mwani kwenye kamba, mimi nikimshikia gunia. Lakini kuogelea sikufundishwa. Wanawake wengi tuliokuwa nao pale hawakujua, na siku tukijisahau maji yakaanza kujaa, tulirudi mbio tumeshikana mikono.

Kuogelea nimejifunzia Japani, nina miaka ishirini na sita, kwenye bwawa la chuo. Aliyenifundisha ni shoga yangu Mjapani, aliyesoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Osaka kisha akaja kukaa Unguja miezi kadhaa. Mwishoni mwa Septemba 2023 akaniambia, "Bwawa sasa basi. Jumamosi twende Ichinomiya ukapande mawimbi."

Ichinomiya ni mji mdogo katika mkoa wa Chiba, kusini mwa ufukwe wa Kujukuri unaonyooka kiasi cha kilomita 60. Kutoka Tokyo treni ya Wakashio inachukua kama saa nzima. Tulipotoka stesheni, kitu cha kwanza nilichokiona ni baiskeli zilizofungwa vyuma ubavuni vya kuchukulia ubao wa kupandia mawimbi, kama kwetu zinavyofungwa tenga la samaki. Mzee mmoja alipita na ubao wake, miguu mitupu, taulo shingoni.

Dukani tulikodi ubao wa sponji, mrefu kunipita. Maji yalikuwa bado na uvuguvugu na wengi walivaa kaptura, ila mimi niliomba vazi la mpira la mwili mzima, nikafunga na kilemba changu cha kuogelea. Nilikuwa na wasiwasi wa mavazi tangu Tokyo, na wasiwasi ule uliisha palepale. Mwenye duka alinipa na soksi za mpira bila kuniuliza chochote. Namshukuru mpaka leo.

Jumamosi nilikunywa maji ya chumvi tu. Hakuna mwamba pale. Wimbi linatoka Bahari ya Pasifiki moja kwa moja mpaka kwenye mchanga wa kijivu, linakuinukia usoni, na kabla hujajua ufanye nini limeshakupita juu. Nilisubiri bahari itoke. Haikutoka! Unguja wakati wa bamvua kina hupanda na kushuka hata mita nne, na ukisimama Jambiani maji yakitoka unaweza kutembea kilomita nzima. Chiba hayafiki hata nusu ya hapo. Nilijiona mgeni wa bahari.

Jioni shoga yangu alinipeleka Tsurigasaki, ufukwe wenye tori, lango la mbao la Kishinto, limesimama mchangani limeikabili bahari. Hapo ndipo mchezo huu ulipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, Julai 2021, bila watazamaji kwa sababu ya korona. "Medali ya fedha ya wanawake alichukua mwenzenu wa Afrika Kusini, Bianca Buitendag," aliniambia. Tulikaa pale tukila karanga za kuchemsha. Chiba ndiyo inayoongoza Japani kwa karanga, na zile zilikuwa mbichi za msimu, zimechemshwa na maganda yake kama za nyumbani.

Jumapili tuliingia majini jua linachomoza. Linachomoza baharini, sawasawa na Jambiani. Nilitulia juu ya ubao, nikafanya alichotufundisha baba: unachagua alama mbili nchi kavu, moja nyuma ya nyingine, ndipo utajua kama chombo kinakwenda. Nilichukua nguzo ya umeme na kona ya paa la buluu. Baada ya muda mfupi nguzo ikatoka kwenye paa. Ikazidi kutoka.

"Shoga, tunachukuliwa."

Yeye alikuwa ameikazia macho bahari, akitafuta wimbi. Akageuka. Kando yetu palikuwa na gati la zege lenye umbo la herufi T. Yamejengwa kadhaa pale kwa sababu ufukwe unaliwa. Zamani bahari ilimega majabali ya jirani, mchanga wake ukaja kuulisha ufukwe. Majabali yalipojengewa kinga, mchanga nao ukapungua. Sasa maji yanayosukumwa pwani hurudi baharini kwa kufuata ubavu wa gati, na mkondo huo ndio uliotushika.

Niliogopa sana, sitaficha. Mikono ilitaka kupiga makasia kuelekea nchi kavu. Shoga yangu akasema kwa utulivu, "Ubao usiuachie. Tukate ubavuni." Tukaenda sambamba na ufukwe, kifua kikiuma, mimi macho kwenye nguzo na paa. Zikaacha kuachana. Kisha taratibu zikaanza kukaribiana.

Hatukupumzika hata kidogo. Alitazama nyuma, akapiga kelele, "Hilo! Hilo lako!" akanisukuma. Nilihisi mkia wa ubao unanyanyuka, halafu ubao wenyewe ukashika mwendo, na mimi nikasimama. Magoti yamekunjika, mikono imetanuka. Sauti niliyoisikia utoto mzima kwa mbali ilikuwa nyuma ya visigino vyangu. Sijui nilisimama kwa muda gani. Nilishuka kwenye maji ya magotini, kina kile nilichokulia, nikakaa chini nikalia.

Mchana, kabla ya treni, nilirekodi sauti ya bahari nikamtumia mama. Unguja ilikuwa asubuhi. Jibu lake likaja usiku, nimeshafika Tokyo: "Hiyo si sauti ya mwambani? Ushafika nyumbani mbona huniambii?"