Asante niliyoitoa kwenye foleni ya soseji

Nimeshindwa kulala, basi wacha niandike.

Jumapili baada ya mechi ya mwanetu wa pili nilikuwa kwenye foleni ya kibanda cha klabu, manyunyu ya Melbourne yakitudondokea, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Mbele yangu alikuwa baba yake namba saba wa timu yao. Mnamjua kwa niliyoandika huko nyuma: yule mwenye goti bovu, aliyecheza ligi za mitaa ujanani, ambaye ndiye humpeleka kijana wetu mazoezini Jumatano nikiwa kwenye tramu zamu ya jioni. Mtu mwema. Mwaka jana gari letu lilipokufa barabarani alikuja na nyaya zake usiku, hata hajala.

Akageuka, mkate wa soseji mkononi, mchuzi wa nyanya unamchuruzika kidoleni.

"Wako kajaliwa mwili, bwana," akasema. "Wangu maskini inabidi atumie kichwa."

Nikamjibu: "Asante."

Akacheka, akanipiga begani, akalipia na soseji yangu. Yakaisha hapo. Kwake, namaanisha.

Tangu siku hiyo naendesha tramu kutoka Footscray hadi Moonee Ponds nikiyarudia maneno yale kila kituo. Wako kajaliwa mwili. Asante. Wangu inabidi atumie kichwa. Asante. Nimemtungia majibu mengi. Lipo la kiungwana ("Wote wawili wana vichwa, ndugu yangu"), lipo la kejeli ("Basi Mungu agawe, wako apewe miguu, wangu apewe ubongo"), na lipo moja ambalo mke wangu amesema nisiliandike hapa. Kila nikilisema kimoyomoyo namwona na ile soseji, anatabasamu, hajui kama kuna kitu amesema. Na kweli alikuwa anasifu. Hapo ndipo penye taabu. Tusi unalijibu. Sifa utaijibuje?

Kwa wale wa nyumbani ambao bado mnauliza huu ni mpira gani: ni ule wa Kiaustralia, uwanja ni duara la yai, wachezaji 18 kila upande, mpira mrefu kama boga, unapigwa kwa mguu au unagongwa kwa ngumi kumpa mwenzio. Ukiudaka kutoka kwenye teke la mbali kabla haujagusa chini unapewa nafasi ya kupiga bila bughudha. Nguzo ni nne kila mwisho wa uwanja. Ukipitisha kati ya zile mbili ndefu ni pointi sita, ukipitisha pembeni yake ni moja. Ya kutosha hayo.

Sasa niwasimulie hicho alichokifanya "mwenye mwili" Jumapili. Alikuwa beki wa nyuma kabisa. Robo ya tatu, upepo unatupiga usoni, kiungo wao kaupata mpira katikati, kabanwa na wawili. Mshambuliaji aliyekuwa anakabwa na kijana wangu akakimbia kuelekea nguzoni, kama wote wafanyavyo. Kijana hakumfuata. Alimwacha! Mimi pale mstarini nikashika kichwa. Akatembea, hakukimbia, akatembea hatua kama saba upande wa pili, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akasimama. Mpira ulipopigwa ukakatwa na upepo, ukaenda kumwangukia kifuani. Hakuruka hata inchi moja. Miguu yote chini.

Jioni nikamuuliza ulijuaje. Akachukua vipande vya chapati, akavipanga mezani. Huyu ni namba tisa wao. Akibanwa upande wa kulia hageuki, anapiga kwa ubavu wa mguu, mpira unakuwa mfupi. Kafanya hivyo robo ya kwanza, kafanya tena ya pili. Na upepo ulikuwa unatoka kule penye maegesho. "Kwa hiyo ungeangukia hapa," akasema, akaila chapati iliyokuwa ndiyo mpira.

Mtu kama huyo ndiye wa kuambiwa kajaliwa mwili?

Ni kweli ni mrefu. Ni mweusi, mrefu, mwembamba, na kwenye uwanja wenye watoto weupe wengi anaonekana kabla ya kufanya lolote. Jumatatu depo, chumba cha chai, nilitega sikio kwa makusudi. Kule asubuhi ya Jumatatu kila dereva ni mchambuzi. Shabiki wa klabu ya Collingwood na yule wa Essendon (hawajashinda mechi ya mtoano tangu 2004, na bado ndiye mwenye sauti kubwa) walikuwa wanabishana kuhusu vijana wapya. Huku klabu haiendi sokoni na gunia la pesa kununua chipukizi. Kila Novemba timu zinapanga foleni, iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza, na wanaochaguliwa wengi ni watoto wa miaka 18 waliomaliza shule juzi. Kwa hiyo mabishano yote ni ya kukuza: nani apewe muda, nani ameachwa timu ya pili akaozea huko, nani kabadilishiwa namba akafufuka. Na wanakubaliana kwa jambo moja tu, kwamba warefu huchelewa kuiva. Mrefu mweupe pia huambiwa "mpe miaka mitatu". Hilo nalikubali, nisije nikaonekana nazusha. Ila mrefu mweupe akishaiva wanasema kajifunza. Wetu wakishaiva bado wanaruka tu.

Mtazameni Aliir Aliir. Mtoto wa Kakuma, jamani, Turkana, kazaliwa kambini 1994 wazazi wake wakiwa wamekimbia vita Sudan. Akaja Australia mtoto, mpira huu akauanza tineja, Sydney Swans wakamchukua 2013, akakaa kwanza chini akifundwa, akacheza AFL, ligi kuu ya mpira huu, mara ya kwanza 2016. Baadaye akaenda Port Adelaide, na msimu wake wa kwanza tu kule, 2021, akaingia kikosi cha All-Australian, yaani wale bora wa ligi nzima. Kazi yake ni nini? Kukatiza. Kumwacha mtu wake na kwenda pale mpira utakapoangukia. Ukikosea, yule uliyemwacha anafunga na unazomewa na watu elfu arobaini. Hiyo kazi ni hesabu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mikono mirefu inakuja baadaye kuchukua malipo. Lakini fungua TV, akidaka utasikia kapaa, kachomoza, mikono hiyo. Lile la kabla, zile sekunde tatu alizokuwa anamsoma mpigaji, halitangazwi.

Buku Khamis wetu wa Bulldogs, klabu yetu ya Footscray, vilevile. Mzaliwa wa Sudan Kusini, jina la mtu wa kwetu Kisauni, Mombasa, kabisa, kasugua benchi la timu ya pili miaka, mara beki, mara mshambuliaji. Majak Daw, wa kwanza mzaliwa wa Sudan kucheza AFL, 2013, teke lake la kwanza goli. Miaka ikapita akiwa mbele, ndipo wakagundua kwamba nyuma ndiko anakofaa. Nikiwawazia hawa najiuliza ni wangapi waliwekwa mbele kwa sababu mtu alitazama urefu wao na hakuwauliza wanaona nini uwanjani.

Halafu kuna ule udakaji wa fainali ya 2005. Sydney wanaongoza kwa pointi nne, mpira wa mwisho unateremka mbele ya nguzo zao, kundi zima linaruka, beki Leo Barry anatokea pembeni na kuung'oa hewani. Mtangazaji Stephen Quartermain akapiga ukelele, "Leo Barry, we nyota!", na mpaka leo watu hapa wanalisema neno hilo wakipita hata sokoni. Swans walikuwa hawajachukua ubingwa kwa miaka 72. Barry hakuwa mrefu kwa beki wa kati, na kuruka aliruka kuliko wote siku hiyo. Kaitwa nyota. Sikumbuki kusikia mtu akimhesabia mapaja.

Labda ni kwa sababu nimelelewa na redio. Mjomba alikuwa na ile ya betri nne, Jumamosi inatolewa barazani, na Leonard Mambo Mbotela (Mungu ailaze roho yake, katuacha 2025) anatupeleka uwanjani Nairobi sisi tuliokaa Mombasa. Redioni huwezi kumwona mtu mwili. Mtangazaji asipokwambia mpira uko wapi, unakwenda wapi na nani kaamua uende huko, huna mechi. Ndiyo maana mimi nikisimama mstarini hurekodi sauti kwa simu, namtangazia Mama mechi ya mjukuu wake kwa Kiswahili, majina yote, upepo, matope, refa na tumbo lake. Wazungu wamezoea. Wengine huja kusimama karibu hata kama hawaelewi.

Basi, Jumanne, siku ileile mke wangu aliyofaulu mtihani wa uraia, maswali 20 bila kukosa hata moja (pongezi zipokeleeni kwake, mimi niko na yangu), nikaamua kumwambia kijana mwenyewe. Alikuwa anafunga viatu. Nikamweleza alichosema baba wa mwenzake, polepole, kwa sauti ya mzazi, ile ya kumwandaa mtoto kwa dunia.

Akanitazama.

"Sasa Baba, si kweli naruka?"

"Unaruka, lakini..."

"Namba saba hawezi kuruka. Anaumia sana. Yeye ndiye aliyeniambia nimwangalie namba tisa wao robo ya kwanza. Mimi niliangalia upepo."

Akaondoka na begi lake.

Nimekaa na hilo. Wavulana wawili wamegawana kazi uwanjani, mmoja anamsoma mtu, mwingine anasoma hewa, na wazee wao wako kwenye foleni ya soseji wanagawana viungo vya mwili. Bado nasema yule bwana alikosea, sijabadilika hapo hata kidogo. Lakini hasira ilikuwa imejiandaa kukaa hadi mwisho wa mwezi, na kijana kaja kuihamisha na mabegi yake yote.

Kisha usiku Mama akajibu. Mnajua Mama na sauti za simu: dakika nne, mbili za kwanza ni kuku wa jirani na bei ya nazi. Kwanza alitaka kujua kuhusu ile pointi moja.

"Ati mtu kapiga, kakosa goli, mkampa pointi? Nchi tajiri hiyo, mwanangu. Hata ukikosa unalipwa."

Nimecheka kwenye tramu tupu mpaka nikasahau kutangaza kituo. Nimewasimulia depo, na wa Essendon kasema hiyo ndiyo sera ya klabu yake. Nami nikamkumbusha kwamba sisi wa Footscray tulichukua kombe la 2016 tukitokea nafasi ya 7, kwa hiyo akae kimya anywe chai yake.

Lakini mwishoni mwa ile sauti, baada ya salamu za shangazi na habari ya mahari ya mdogo wangu (imekubaliwa, hatimaye, alhamdulillahi na amina, kila mtu kwa dini yake), Mama akarudi kwenye mechi. Anaisikiliza mara nyingi, nadhani, kwa sababu alinitajia hata upepo.

"Na pale uliposema kamwacha mtu wake, ukapiga kelele 'Ole wangu'. Kisha ukasema kaudaka. Hebu niambie, alijuaje kama utakuja pale? Maana wewe mwenyewe ulikuwa hujui."

Mwanamke wa miaka sabini na ushee, hajawahi kuuona mpira huu hata kwa picha, yuko Kisauni na simu sikioni. Nimeihifadhi sauti hiyo. Jumatano baba wa namba saba alipokuja kumchukua kijana nilikuwa nyumbani, zamu ilibadilishwa, nikamchezea pale mlangoni na kumtafsiria. Akasikiliza akiegemea mguu mzima. Akasema, "Swali zuri. Alijuaje?" Nikamwita kijana, nikasema mwelezeni nyote wawili, wewe na namba saba. Walichelewa mazoezi.

Sikumwambia habari ya foleni. Nikipata nafasi nitamwambia, na soseji safari hii nitalipa mimi.

Ila jamani, Alhamisi wakala wa nyumba anakuja kukagua, na lile doa la dari bafuni ambalo niliwaambia limekauka halijakauka. Lina mzunguko mpya, rangi ya chai ya maziwa, na ukilibonyeza kwa kidole plasta inabonyea. Fundi kasema hana nafasi hadi wiki ijayo. Mke wangu anataka tuwaandikie usiku huu kabla hawajaliona wenyewe, mimi naogopa wataanza kuzungumzia kodi. Aliyewahi kupita hapa aniambie: ukiwaandikia kwanza, wanakata kwenye amana au wanatengeneza wao?