Neno Lililo Peke Yake Chini ya Ukurasa

Mimi hujalidi vitabu hapa Mombasa. Kikiletwa kitabu kikuukuu kilichofumuka, jicho langu hukimbilia chini ya ukurasa kabla sijasoma mstari hata mmoja. Pale chini, pembeni, hutafuta neno moja lililowekwa peke yake. Hilo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata, limetangulizwa kwa makusudi.

Katika vitabu vya Kiarabu vilivyonakiliwa kwa mkono, na vile vya chapa ya mawe, yaani vilivyopigwa chapa kutoka maandishi yaliyoandikwa juu ya jiwe bapa, vilivyokuja kutoka Bombay, neno hilo hukaa chini ya ukurasa wa kulia, mara nyingi mshazari. Ukurasa wa kushoto hauna haja nalo, kwani mwendelezo wake uko nyuma ya karatasi ileile, na pande mbili za karatasi moja hazipoteani. Hatari iko pale mwandishi anapohama karatasi.

Wapiga chapa wa Ulaya walianza kulitumia Venice mnamo 1470 hivi, na Waingereza wakaliweka kila ukurasa. Walikuwa na sababu. Karatasi kubwa ikikunjwa mara mbili hutoa kurasa 8: upande mmoja hupigwa kurasa 1, 4, 5 na 8, upande wa pili 2, 3, 6 na 7. Ukurasa 1 unalala ubavuni mwa 8, na nusu ya kurasa ziko kichwa chini. Hebu mfikirie mpanga herufi mbele ya herufi za risasi zilizogeuzwa kama kwenye kioo, mwanga ni wa mshumaa. Neno la chini lilimhakikishia kwamba hakupotea.

Karibu na neno hilo utaona pia herufi: A, A2, kisha B. Hizo zilimwongoza mjalidi kupanga mikunjo, yaani zile karatasi kubwa zilizokwisha kunjwa: kila mkunjo una herufi yake, na A2 ni karatasi ya pili ya mkunjo A. Alfabeti yao ilikuwa na herufi 23, kwa kuwa I na J zilihesabiwa moja, U na V moja, na W haikuwamo. Kwa hiyo ukikuta T ikifuatwa na V, halafu X, usidhani kuna kilichochanwa. Baada ya Z huanza Aa.

Wapenzi wengi wa chapa za kale husifu ile s ndefu inayofanana na f, ambayo gazeti la The Times la London liliiacha mwaka 1803. Ni nzuri, sikatai. Lakini mimi moyo wangu uko kwa neno la chini, maana hunifanyia kazi hadi leo.

Niliwahi kuletewa kitabu cha maulidi cha mkono, karatasi zimechanganyika, wala hakikuwa na nambari za kurasa. Nilikipanga chote kwa maneno ya chini. Mahali pamoja neno halikukutana na mwenzake, ndipo wenyewe wakajua kuna karatasi haipo. Picha walizokuwa wamepigiwa zamani hazikuweza kuwaonyesha hilo: aliyezipiga alikata ukingo wa chini ili maandishi yajae vizuri.

Tafadhali, ukipiga picha vitabu vya babu yako, rudi nyuma kidogo mpaka kingo zote nne za karatasi zionekane. Na ukurasa wa kulia upige pamoja na wa kushoto, kitabu kikiwa wazi.