Siku moja na mpangaji wa safari za kimataifa za ndege

Saa 1:30 asubuhi. Naanza kwa kuangalia viti vilivyouzwa usiku, njia kwa njia. Abiria anamjua rubani, anamjua mhudumu aliyempa maji. Sisi tunaokaa na majedwali mwaka mzima kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, yeye hatujui, lakini ndege ikiruka nusu tupu ni sisi tunaoitwa kujieleza.

Saa 3:00, kikao cha njia mpya ya kuvuka bahari. Watu wa mauzo wanaitaka Boeing 777-300ER, viti 350 na ushee, kwa kuwa Julai na Desemba hakutakuwa na nafasi. Mimi nawauliza kuhusu Februari. Ni kweli ndege kubwa hupunguza gharama ya kila kiti, lakini hesabu hiyo inasimama pale tu kiti kinapokuwa na mtu. Gharama ya safari nzima inabaki kubwa, wawe abiria 340 au 190. Airbus A380, ndege kubwa kuliko zote za abiria, iliacha kuundwa mwaka 2021, na sababu mojawapo kubwa ni hiyo: mashirika mengi yaliona ni salama zaidi kibiashara kutumia ndege ndogo yenye injini mbili. Ninachowakubalia ni shehena. Tumbo la 777 linabeba mzigo mwingi, na kwenye njia fulani mzigo ndio unaoiokoa safari.

Halafu kuna hesabu ambayo hata humu ofisini wengi huiruka. Saa 11 za kwenda, 2 za kukaa chini, 11 na nusu za kurudi dhidi ya upepo, 2 nyingine za kusafisha, kujaza mafuta na kupakia. Jumla ni saa 26 na nusu, na siku ina saa 24. Anayetaka safari ya kila siku kwenye njia hii amekwisha kuomba ndege ya pili, hata kama hakusema hivyo. Safari nne kwa wiki zinabebwa na ndege moja, na muda unaosalia inafanya kazi kwingine. Nilichora mzunguko wote ubaoni, nikasubiri. Hakuna aliyepinga, wala hakuna aliyekubali.

Kabla ya chakula cha mchana nilipitia njia ya angani na wahandisi: ndege ya injini mbili ikipoteza injini moja lazima iweze kufika uwanja wa dharura ndani ya muda ulioidhinishwa, mara nyingi dakika 180. Tumo ndani.

Saa 8:00 mchana, simu na shirika mbia. Hapa ndipo siku ilipokwama.

Mji tunaouendea hauwezi kujaza ndege peke yake. Kwenye makisio yangu karibu nusu ya abiria wanaendelea mbele, miji ya ndani ya nchi hiyo. Sisi hatuwezi kuwapeleka. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi haki ya kuzikataza ndege za kigeni kubeba abiria kati ya miji yake. Kwa hiyo tunahitaji mwenyeji, anayewapokea watu wetu kwa tiketi ileile, begi likiandikishwa hadi mwisho wa safari, na namba yetu ya safari ikitumika kwenye ndege yake.

Ratiba yao mpya imezivuta mapema kwa dakika 35 zile ndege za asubuhi tulizozitegemea. Abiria wetu walikuwa na dakika 95 za kuunganisha, sasa wanabaki na 60, na kiwango cha chini cha uwanja ule ni 75. Ikipungua hapo, mfumo wa tiketi hauonyeshi kabisa safari hiyo. Abiria hakataliwi na mtu. Anatafuta, haioni safari yetu, ananunua kwa wengine.

"Dada, ratiba imeshatoka," ananiambia mwenzangu wa shirika lile.

Namweleza kwamba hatuwezi kutua mapema: nafasi za kutua za saa hiyo zina wenyewe, na shirika linalotumia angalau asilimia 80 ya nafasi zake katika msimu huzishika tena msimu kama huo mwaka unaofuata. Nani ataziachia? Na tukiondoka mapema, tunawaacha abiria wetu wanaofika jioni. Ananisikiliza, kisha anahamia kwenye nauli. Tukigawana kwa umbali, kipande chao kifupi kinapata fedha kidogo mno, hivyo wanataka kiwango maalumu kwa kila abiria. Dai hilo lina haki ndani yake, nami nilimwambia hivyo. Lakini siwezi kukubali bei ya muunganisho ambao haupo. Tulizunguka pale pale, dakika 75, dakika 60, kiwango maalumu, mpaka sauti ikanikauka.

Simu ilikatika lini sikumbuki vizuri. Nje kulishaingia giza, mgongo unauma, na bado pendekezo lilikuwa halijaandikwa. Nikaliandika: Boeing 787-9, ndogo kuliko 777, viti takriban 290, safari nne kwa wiki, na mkataba wa ubia usisainiwe hadi saa za ndege zao za kuunganisha ziwemo ndani yake kwa maandishi. Naiamini kila sentensi ya karatasi ile.

Mzee, bosi wangu, amejibu kwa mstari mmoja: mauzo bado wanaitaka 777, kikao kesho saa 3.